Kanuni za 1981 au toleo la tano? Meza ya watu watano, masaa mawili na nusu

pwani_d20 anauliza:

Salaam wanabaraza. Tunafungua meza ya Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu) hapa Mji wa Kale, kila Jumapili baada ya alasiri hadi adhana ya maghrib. Ukitoa chai na maneno, tunabakiwa na masaa mawili na nusu. Wachezaji watano, msimulizi mmoja. Wawili wanalijua toleo la tano kwa vitabu vya 2014. Watatu dadu wanazozijua ni za ludo. Mmoja huvuka kwa feri kutoka Likoni, kwa hivyo kuna Jumapili atachelewa na kuna Jumapili hatakuwepo.

Tulichonacho mkononi ni pango la mtindo wa zamani, ngazi ya 1 hadi 3, vyumba thelathini na kitu. Chumba cha 4 kimeandikwa "goblini 2d4", yaani mazimwi wadogo, idadi yao ni jumla ya dadu mbili za pande nne (d6 ni dadu ya pande sita, d20 ya pande ishirini). Cha 9 kina sarafu 2,000 za dhahabu chini ya sakafu. Mitego imetapakaa kila mahali.

Ubishi wetu: tuliendeshe kwa kanuni za 1981 au kwa toleo la tano? Wanaotaka jipya wanasema kanuni za zamani ni za kuua watu, mhusika anakufa kabla chai haijapoa. Wanaotaka la zamani wanasema kwenye toleo la tano pigano moja linakula kikao kizima. Na je, mtu akitumia kanuni mpya ndani ya pango la zamani, ni kitu gani hasa kinachoharibika? Nipeni namba, mapenzi tunayo ya kutosha hapa.

fanusi_na_mafuta:

Waalaykum salaam. Yakhe, mnabishana juu ya mapigano. Angalieni kwanza kila kitabu kinamtaka msimulizi ahesabu nini. Kitabu cha 1981, kile alichohariri Moldvay pamoja na mwenzake wa Cook na Marsh, kinahesabu muda, mwanga, mzigo na dhahabu. Toleo la tano linahesabu uwezo wa mhusika. Pango lenu limejengwa juu ya hesabu ile ya kwanza.

Hivi ndivyo saa moja ya pangoni inavyokwenda kwa kanuni za 1981. Muda unakatwa kwa zamu za dakika 10. Kwa zamu moja, asiye na deraya anakwenda futi 120 huku ramani ikichorwa, mwenye deraya ya ngozi 90, mwenye ya chuma 60, na mwenye chuma aliyebeba hazina 30. Kundi zima linakwenda kwa mwendo wa aliye mzito. Kupekua mraba wa futi 10 kwa 10 kutafuta mlango wa siri ni zamu nzima, na nafasi ya kuuona ni 1 kati ya 6 (elfi ana 2 kati ya 6). Baada ya zamu tano lazima ya sita iwe ya kupumzika. Asiyepumzika anapunguziwa 1 kwenye kupiga na 1 kwenye madhara. Mwenge mmoja unakwisha kwa zamu 6. Fanusi kwa chupa moja ya mafuta inakwenda zamu 24. Na kila zamu mbili msimulizi anarusha d6: ikitoka 1, kuna kitu kinakuja.

Unganisha hizo mbili za mwisho. Muda wa mwenge mmoja una dadu tatu za "kuna kitu kinakuja". Uwezekano kwamba angalau moja itatoka 1 ni 91 kati ya 216, yaani asilimia 42. Kwa hivyo kila mwenge unaoungua ni kama kurusha sarafu hewani. Mchezaji akisema "tupekue ukuta wote huu", ukuta wa futi 50 ni zamu tano, na ya sita ya kupumzika, ndiyo mwenge mzima, ndiyo asilimia 42. Sasa ana sababu ya kufikiri kabla ya kusema. Ukiitoa hesabu hii, kupekua hakuna gharama, na watapekua kila ukuta mpaka maghrib iwakute chumba cha 3.

Kosa la kawaida la msimulizi ni kusahau kuhesabu. Dawa yake ni karatasi: chora safu za visanduku sita sita. Kila zamu tia alama kisanduku kimoja. Cha 2, cha 4 na cha 6 vizungushie duara, hapo unarusha d6. Ukifika cha 6 wanapumzika na mwenge unafutwa kwenye orodha ya mchezaji, na afute yeye mwenyewe mbele ya wenzake. Hicho ndicho chombo muhimu kuliko vyote vya mtindo wa zamani, na wala hakiuzwi.

Chumba cha 4 sasa. Anayesoma "goblini 2d4" kwa macho ya leo anaona pigano. Kitabu cha 1981 kinaweka milango mitatu kabla ya panga. Kwanza kushtukiziana: d6 kwa kila upande, 1 au 2 umeshtukizwa. Pili mwitikio: msimulizi anarusha 2d6. Ikitoka 2 wanashambulia papo hapo, 3 hadi 5 ni wakali na huenda wakashambulia, 6 hadi 8 hawajaamua, 9 hadi 11 hawashambulii, wanaondoka au wanasikiliza mtakachotoa, 12 wamewapenda. Hesabu mwenyewe: mashambulizi ya papo hapo ni 1 kati ya 36. Kundi la katikati, la wasioamua, ni 16 kati ya 36. Hapo ndipo mchezaji anayejua kusema anaanza kupata faida, hata kama mhusika wake ana nguvu 7.

Tatu ni moyo, yaani ujasiri wa kuendelea kupigana. Goblini ana moyo wa 7. Anapokufa wa kwanza, rusha 2d6. Ikizidi 7 wanakimbia au wanasalimu amri. Nusu yao wakianguka, rusha tena. Kila mara nafasi ya kuvunjika ni 15 kati ya 36. Wakizipita zote mbili ndipo wanapigana mpaka mwisho, na hilo hutokea mara moja katika tatu hivi. Na kuamua nani aanze ni d6 moja kwa kila upande, si orodha ya majina kumi. Ndiyo maana mapigano ya zamani ni mafupi.

La mwisho, dhahabu. Mwaka 1981 sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa nje ya pango ni pointi moja ya uzoefu. Goblini aliyeshindwa ni pointi 5. Mpiganaji anahitaji 2,000 kufika ngazi ya 2. Kwa kuua peke yake angehitaji goblini 400! Kwenye toleo la tano goblini ni pointi 50 na ngazi ya 2 ni 300: goblini sita, basi. Sheria haisemi popote "usipigane", lakini malipo yake yanasema.

kete_kumi:

Fanusi kaeleza vizuri, ila amewaachia wale wa "zamani mtu hufa kwa pigo moja" bila jibu. Tupige hesabu kwa goblini yuleyule.

Mpiganaji wa 1981, ngazi ya 1: uhai (madhara anayoweza kuhimili) d8, wastani 4.5. Anaanza na 3d6 mara 10 za dhahabu, wastani 105. Deraya ya bamba ni 60 na ngao 10, kwa hivyo wengi wanaweza kuvaa vyote viwili siku ya kwanza. Kinga yake, namba ya ugumu wa kumpata, inakuwa 2 (wakati ule ndogo ndiyo bora). Goblini anampata kwa 17 na zaidi kwenye d20, asilimia 20, madhara d6. Wastani wa madhara kwa kila jaribio ni 0.7. Atahimili majaribio sita na nusu hivi.

Mpiganaji wa toleo la tano: uhai 10 na nyongeza ya mwili, tuseme 12. Deraya ya bamba hapa ni dhahabu 1,500, haiko mezani. Anavaa ya minyororo na ngao, kinga 18. Goblini ana nyongeza ya 4, anampata kwa 14 na zaidi, asilimia 35, madhara d6 na 2. Tia na pigo la 20, ambapo dadu ya madhara hurushwa mara mbili, wastani ni 2.1 hivi kwa jaribio. Atahimili majaribio yasiyofika sita.

Umeona? Mpiganaji wa zamani mwenye bamba hana upungufu wowote mbele ya goblini. Anayekufa haraka ni mchawi: uhai d4, kinga 9, goblini anampata kwa 10 na zaidi. Jaribio moja na robo hivi, ameondoka. Kwa hivyo mchawi wa 1981 hasimami mbele. Anakaa safu ya pili na ule uchawi wake mmoja wa siku, na kama ni ule wa kulaza usingizi, unalaza viumbe wa jumla ya ngazi 2d8 bila dadu ya kunusurika. Chumba cha 4 chote kinalala kwa sentensi moja.

Tofauti ya kweli iko chini ya sifuri. Zamani sifuri ni kufa. Toleo la tano, sifuri ni kuzirai: kila raundi unarusha d20, 10 na zaidi ni nafuu, tatu za nafuu umetulia, tatu mbaya umekufa. Akiachwa peke yake bila msaada, karibu asilimia 60 atatulia. Na hataachwa, kwa sababu kasisi mwenye uchawi wa kuponya kwa mbali anamnyanyua kwa neno moja, naye anasimama na kupiga raundi hiyohiyo. Kisha saa moja ya mapumziko mafupi, masaa manane ya marefu, kesho mzima kama hakuguswa. Kanuni za 1981 zinamrudishia d3 kwa siku nzima ya kupumzika.

Sasa swali lenu la "kinaharibika nini". Chukua chumba cha 4 kilekile. 2d4 wastani wake ni 5. Vitabu vya 2014 hupima hatari ya pigano kwa pointi za mazimwi: goblini watano ni pointi 250, kwa watatu hadi sita unazidisha mara mbili, 500. Kikomo cha hatari kubwa kwa wahusika watano wa ngazi ya 1 ni 100 mara 5, yaani 500. Umeshafika kwenye hatari kubwa, na hapo dadu zimetoka za wastani tu. Zikitoka 8: 400 mara mbili na nusu, 1,000, mara mbili ya kikomo. (Marekebisho ya 2024 yameondoa kuzidisha huko, hivyo msichanganye vitabu viwili mezani.) Na goblini wa toleo la tano baada ya kupiga anaweza kujificha au kuchomoka kwa kitendo cha ziada. Wanane wa hivyo, kwenye ukumbi wenye nguzo, bila dadu ya mwitikio na bila dadu ya moyo, ni mauaji. Halafu watu wanasema pango la zamani ndilo katili.

upondo_wa_futi_10:

Nyongeza fupi ya kinga, kabla wale watatu wa ludo hawajakata tamaa. Msiwafundishe kinga ya kushuka. Geuzeni: 19 toa kinga ya zamani. Asiye na deraya 9 anakuwa 10, ngozi 7 inakuwa 12, minyororo 5 inakuwa 14, bamba 3 inakuwa 16, ngao inaongeza 1. Mwenye ngazi ya chini anarusha d20 bila nyongeza na lazima afikie namba hiyo. Hesabu ni ileile, kichwa hakiumi.

Ila angalieni: Basic Fantasy, kitabu cha bure cha mtindo wa 1981, inaanza na 11 kwa asiye na deraya, kwa hivyo huko ni 20 toa kinga ya zamani. Mkichukua wahusika wa kitabu kimoja na mazimwi wa kingine mtakuwa mmekosea kwa 1 kila pigo, na hakuna atakayegundua.

Mitego: 1981 kila apitaye juu ya mtego wa sakafuni msimulizi anarusha d6, 1 au 2 unafyatuka. Watu watano mkipita kwa foleni, uwezekano wa kufyatuka kwa mmoja wenu ni asilimia 87. Ndiyo maana ya upondo mrefu wa kugongea sakafu mbele, dhahabu moja tu dukani. Na msimulizi asiulize "unarusha ngapi kutafuta mtego?" Aulize "unagusa wapi, kwa nini?" Mwizi mwenyewe wa ngazi ya 1 ana asilimia 10 ya kuona mtego, aliletwa kwenye nyongeza ya Greyhawk mwaka 1975, na kabla yake kila mtu alitafuta kwa maelezo. Mchezaji akisema anamwaga maji sakafuni aone yanakozama, yanazama. Hakuna dadu hapo.

pwani_d20:

Nimefaidika. Nimechora vile visanduku sita tayari. Lakini wale wawili wa toleo la tano hawataki kuacha wahusika wao. Tukibaki na wahusika wa toleo la tano tukaweka visanduku, mwitikio na moyo, itatosha? Na dhahabu 2,000 za chumba cha 9 tufanyeje?

fanusi_na_mafuta:

Haitatosha. Kuna matundu manne, na maji yatapita yote.

Tundu la kwanza ni mwanga. Toleo la tano lina uchawi mdogo wa Mwanga usiokwisha: saa nzima, futi 20 wazi na 20 hafifu, ukizimika unawasha tena bure. Juu yake jamii nyingi zinaona gizani futi 60. Basi mwenge wenu hauna kazi na kisanduku cha 6 ni pambo. Ufanyeni Mwanga uwe uchawi wa ngazi ya 1 unaokula nafasi ya siku, kama ulivyokuwa 1981. Kuona gizani msiwanyang'anye, ila kitabu chenyewe kinasema gizani wanaona kama kwenye mwanga hafifu, yaani kutazama kwao kuna upungufu: wanarusha d20 mbili na kuchukua ndogo, na kile kipimo chao cha kuona bila kutafuta kinashuka 5. Wasimulizi wengi wanaisahau sentensi hiyo. Isomeni kwa sauti kabla ya kikao cha kwanza, na mwenge utarudi mkononi bila ugomvi.

La pili ni mapumziko. Mpango wa vitabu vya 2014 unategemea mapambano sita hadi manane ya wastani au magumu kwa siku moja. Nyinyi kwa masaa mawili na nusu mtafika mawili, matatu mkijitahidi. Kwa hivyo mchawi anamwaga kila kitu kwenye pambano la kwanza, analala, kesho vilevile, na mpiganaji anabaki kumshikia mwenge. Kitabu cha msimulizi kina kanuni mbadala: mapumziko mafupi masaa 8, marefu siku 7. Itumieni hiyo. Ndani ya pango hakuna mapumziko marefu hata kidogo. Wiki inapita mjini, kati ya Jumapili na Jumapili. Inaenda sawa na kalenda yenu.

Na hapo hapo mmetatua la mwenzenu wa Likoni. Kila kikao kianzie mjini na kiishie mjini. Asiyekuja, mhusika wake amebaki nyumbani, hakuna wa kumchezea. Lakini msimulizi lazima atangaze nusu saa kabla ya maghrib: "geukeni". Sasa ona inavyobana. Wamo futi 300 ndani, wenye chuma wamebeba hazina, futi 30 kwa zamu: zamu 10 za kutoka, bado hujatia ya kupumzika. Dadu tano za "kuna kitu kinakuja", asilimia 60 kitakuja, na mienge miwili. Kwenye njia waliyokwisha kuichora mimi ningewaharakisha kidogo, ila si bure. Wasipotoka kabla ya adhana? Msimulizi apange toka mwanzo, kwa maandishi: 2d6 kwa kila aliyebaki ndani, 7 na zaidi katoka salama, chini ya hapo kapoteza nusu ya alichobeba. Hiyo ni kanuni ya meza, haimo kitabuni. Ibadilisheni mtakavyo, mradi ijulikane mapema.

La tatu ni hayo mapambano. Msitumie 2d4. Wekeni goblini watatu chumbani: pointi 150 mara mbili ni 300, kati ya wastani (250) na mgumu (375) kwa watu watano. Waliobaki wawekeni kwenye orodha ya wanaorandaranda, wawili wawili. Wawili ni 100 mara moja na nusu, 150, rahisi. Idadi ya goblini pangoni haijapungua, wamesambaa tu, na sasa ile d6 ya kila zamu mbili ina meno bila kuua.

La nne ni dhahabu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkisema sarafu moja ni pointi moja kwenye jedwali la toleo la tano, 2,000 kwa watano ni 400 kila mmoja. Ngazi ya 2 ni 300. Wamepanda wote kwa chumba kimoja. Mtu atasema "gawanya kwa tano." Haishiki: mpiganaji wa 1981 anahitaji 2,000, kisha 4,000, kisha 8,000, toleo la tano 300, kisha 900, kisha 2,700. Mara sita na zaidi, mara nne na kitu, mara tatu. Kigawanyo kinachofaa ngazi ya 1 kinawafunga watu ngazi ya 3. Afadhali mlitupe jedwali jipya mchukue la mpiganaji wa zamani kwa wahusika wote, na mazimwi wahesabiwe pointi za zamani, goblini 5. Msichukue nusu ya hili na nusu ya lile.

Na uzito! Zamani sarafu 10 ni ratili moja, kwa hivyo 2,000 ni ratili 200 chini ya sakafu ya chumba cha 9. Mtu mmoja kikomo chake ni sarafu 1,600, na akifikia hapo anatambaa futi 30 kwa zamu. Toleo la tano sarafu 50 ni ratili: chumba cha 9 ni ratili 40, mpiganaji mmoja anatia begani anapiga mluzi. Rudisheni 10. Ndipo watakapokodi mahamali, na ndipo yule aliyeweka haiba yake 8 kwa kudhani haina kazi atakapojuta: 1981 haiba ya 9 hadi 12 ni wafuasi wanne wa kukodi, moyo 7, ya 6 hadi 8 ni watatu, moyo 6. Na mfuasi anakula nusu fungu la pointi, kwa hivyo wasiwasombe mahamali wa bandari nzima.

kete_kumi:

Nakubali yote isipokuwa moja. Ukishaondoa Mwanga, ukabadilisha mapumziko, jedwali, uzito na idadi ya mazimwi, kilichobaki cha toleo la tano ni karatasi ya mhusika. Kwa watatu wasiojua lolote, kutengeneza mhusika wa 1981 ni robo saa: 3d6 mara sita kwa mpangilio, kundi la mhusika, uhai, ununuzi. Wa toleo la tano, na jamii yake, asili yake, ujuzi na chaguo za uchawi, kitakula kikao cha kwanza karibu chote. Ningewaambia wale wawili wacheze vikao vitatu vya 1981, wahusika wao wawekwe kabatini. Pango hili halikuandikwa kwa ajili yao.

Wakikataa kabisa kifo cha sifuri, laini kanuni moja tu: sifuri anazirai, akihudumiwa ndani ya zamu moja anaamka na uhai 1 na hafai kupigana siku hiyo, asipohudumiwa kafa. Msiongeze nyingine.

pwani_d20:

Basi vikao vitatu vya 1981, nitawabembeleza. Mawili madogo: kanuni tutazipata wapi bila kuvunja haki ya mtu, na dadu? Tuna seti moja ya pande nyingi kwa watu sita.

upondo_wa_futi_10:

Kanuni: Basic Fantasy inapakuliwa bure na kuchapisha ni ruhusa, ni mtindo wa 1981 kwa sehemu kubwa, kinga ya kupanda tayari. Cairn nayo ni bure, ila imeacha ngazi na pointi, kwa pango lenu la dhahabu haifai sana. Upande wa toleo la tano, hati ya msingi 5.1 iko chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Chapisheni kurasa za wahusika na za mwitikio pekee, msichapishe kitabu kizima.

Ramani ikiwapungukia, mnayo mbele ya macho. Fort Jesus imejengwa 1593 hadi 1596, ina ngome nne za pembeni na njia ya matao iliyochongwa ndani ya matumbawe kushuka baharini. Pango zuri la zamani linataka hivyo: milango zaidi ya mmoja na njia zinazozunguka kurudi zilikotoka, ili mwenye kukimbia awe na pa kukimbilia. Ramani ya mstari mmoja, chumba baada ya chumba, inaua thamani ya dadu ya moyo, kwa sababu goblini aliyevunjika moyo hana pa kwenda. (Na neno la "dungeon" msihangaike nalo. Wengine wanasema handaki, wengine gereza. Pango linatosha.)

Dadu sasa. Kanuni za zamani zinatumia d6 mno: kushtukiza, milango, mitego, mwitikio, moyo. Zote ni dadu za ludo. Hata silaha, kanuni ya msingi ya 1981 ni d6 kwa kila silaha, tofauti za panga na visu ni hiari. Kinachobaki ni d20 ya kupiga na kunusurika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dadu zilipoadimika TSR yenyewe, kampuni iliyochapisha mchezo, iliweka vipande vyenye namba ndani ya sanduku badala ya dadu. Nanyi tumieni vizibo kumi vya soda, 0 hadi 9, ndani ya mfuko wa kitambaa. Kwa d20, chomoa kizibo (0 isome 10) na rusha dadu ya ludo pamoja: 1 hadi 3 kisome kilivyo, 4 hadi 6 ongeza 10. Kwa d8 chomoa, ikitoka 9 au 0 chomoa tena. Kwa d4 rusha ya ludo, 5 na 6 zirudie. Asilimia za mwizi: chomoa mara mbili, makumi kwanza.

Kila ukichomoa rudisha na utikise kabla ya mwingine. Asiporudisha, anayefuata anajua ni namba ipi haimo. Na vizibo viwe vya soda ya aina moja, visivyopindwa na kifungulio, namba iandikwe upande wa ndani. Kilichopindwa kidole kinakijua.